Daktari Aliyerudi Kusema Amekosea

Kijiwe chetu hapa Nyamahanga ni gogo la mkaratusi lililolazwa mbele ya kinyozi, na kinachotukalisha pale ni kahawa ya Selestina, tusidanganyane. Asubuhi hiyo alikuwepo Novatus wa bodaboda, tunayemwita Redio kwa sababu habari haimpiti wala haikai kwake. Alikuwepo Marcel, anayetembeza dawa za mifugo kwenye begi na kuchoma sindano mwenyewe, ndiyo maana tukampa jina la Mkemia. Na alikuwepo Mzee Methusela, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga zamani, kofia magotini, kahawa inapoa mkononi. Mzee alikuwa na jambo zito. Ng'ombe wake wa maziwa ana uvimbe jichoni, umeshaanza kunuka. Daktari wa mifugo, Dokta Evarista, amesema jicho litolewe leo, maana mchana anakwenda Bukiriro kwenye chanjo ya majuma kadhaa, na akirudi uvimbe utakuwa umemmaliza ng'ombe. Mzee hajampa jibu, na wajukuu wake wanakunywa maziwa ya ng'ombe huyo.

REDIO: Mzee, unaogopa nini? Mwambie akate.

MZEE METHUSELA: Ni yuleyule, Redio. Yule aliyeniulia ndama.

MKEMIA: Mimi sisemi kitu.

REDIO: Ukisema husemi, tujiandae kukaa mpaka jioni.

Habari ya ndama tunaijua wote, ila acha niieleze. Masika yaliyopita dokta aliitwa kwa Mzee kumtibu ng'ombe aliyevimba miguu. Mzee, kama wafugaji wengi wa kwao, hamnyooshei ng'ombe kidole, eti kidole kinaita balaa zizini. Akamwonyesha kwa kidevu. Kidevu kikaelekea ng'ombe wawili waliobanana, na dokta akamchoma wa pili, mwenye mimba kubwa, tena kwa dawa ambayo mwenye mimba hachomwi. Mimba ikatoka. Mzee akasema ni bahati mbaya, akamfukia ndama, yakaisha. Dokta aliporudi kuangalia ile miguu akaikuta imevimba vilevile, akaambiwa kuna ng'ombe ameharibu mimba, akaelewa palepale. Angenyamaza, hakuna mtu duniani ambaye angejua.

MZEE METHUSELA: Alisimama uani kwangu, wake zangu wapo, majirani wapo. Akasema, "Mzee, ndama wako nimemuua mimi. Sikuuliza vizuri. Hata mimba ilikuwa inaonekana, na sikuiangalia." Nilikaa chini.

MKEMIA: Sasa hapo ndipo pananitia shaka. Daktari gani anajishitaki mwenyewe? Lazima kuna kitu.

REDIO: Kitu ni udiwani. Anajisafisha mapema.

MKEMIA: Anayetaka udiwani anagawa vitenge, hatangazi kwamba ameua ndama!

REDIO: Basi ameokoka. Waliookoka wanatubu hadharani. Shemeji yangu kule Ntobeye alitubu mpaka kuku aliyemwiba akiwa shule ya msingi, na mwenye kuku alishasahau kama aliwahi kufuga.

MKEMIA: Kutubu ni kanisani. Huyu katubia zizini. Nawaambia, ni yule ndama. Alimtokea usingizini akamwambia, "Nenda kaseme."

SELESTINA: Ndama hata hajazaliwa, Kiswahili kakijulia wapi?

MKEMIA: Usingizini kila mtu anajua Kiswahili.

REDIO: Hapana, sikilizeni. Mimi nimesikia chuoni kwao wananyweshwa kitu. Ukificha kosa, mkono ulioshika sindano unakufa ganzi mpaka begani.

MKEMIA: Ganzi si anachomwa ng'ombe?

REDIO: Ndiyo maana wanayo nyingi!

Tulicheka hadi kinyozi akatoka nje na wembe wake kuuliza kuna nini. Mzee hakucheka. Selestina alimwona, akaweka birika chini.

SELESTINA: Nyie mnahangaika na sababu. Mimi nilimwona kazini, kwa jirani yangu Ferdinand, siku alipompasua mbuzi aliyeshindwa kuzaa. Vyuma vyake alivichemsha kwenye sufuria yangu, akanawa mikono mpaka nikaonea huruma sabuni. Halafu akamwambia Ferdinand, "Weka kiganja mgongoni kwa mbuzi unayetaka nimtibu." Akaweka. Akamwuliza ameshachomwa dawa gani, na nani. Kisha akasema kwa sauti anachotaka kufanya, msaidizi wake akakirudia chote, ndipo akashika kisu.

REDIO: Mbuzi mwenyewe mmoja, tena amelala chini! Kiganja cha nini?

SELESTINA: Nilimwuliza hivyohivyo. Akaniambia anafanya hivyo kila mahali, hata mnyama akiwa mmoja, ili siku wakiwa wengi asisahau. Na kwamba wafugaji wengine hawanyooshi kidole, basi haoni sababu ya kuwalazimisha, kiganja kinatosha. Alianza kufanya hivyo baada ya ndama wako, Mzee.

MZEE METHUSELA: Baada ya ndama wangu?

SELESTINA: Kwa sababu yake kabisa. Hata maafisa mifugo wenzake wakikutana, anaanza na kisa hicho, tena jina analolitaja ni lake.

Mzee alikitazama kiganja chake muda mrefu. Mimi hapo nilimpenda yule dokta, na nasema bila aibu. Watu wengi hapa wamewahi kuua mnyama wa jirani, kwa dawa au kwa pikipiki, na bado wanasalimia vizuri tu.

REDIO: Na siku hiyo ya mbuzi mimi ndiye niliyempeleka dokta. Kazi ikaisha, yeye kakaa juu ya ndoo, haondoki. Nikamwambia, Dokta, abiria wananisubiri. Akasema waende kwa miguu, yeye haondoki mpaka mbuzi asimame na kucheua. Kesho yake akaniita tena nimpeleke, kwenda kuangalia kidonda tu! Yule mama ana roho.

MKEMIA: Ana muda, siyo roho. Muda wote huo mimi ningekuwa nimeshachoma mifugo ya kitongoji kizima. Na miaka yote hii hajawahi kulalamika hata mmoja.

REDIO: Hata mmoja nani, mfugaji au ng'ombe?

MKEMIA: Wote! Mzee, jicho hilo nakuwekea poda, linakauka. Hakuna kisu, hakuna kuulizwa maswali. Fundi anayeuliza sana hajui kazi.

Mzee alikuwa anaelekea kuitikia, maana kisu kinatisha. Mara akaja dada mmoja mbiombio, vumbi hadi magotini.

AULERIA: Shikamooni. Naitwa Auleria, mdogo wake Joyceline wa kule bondeni. Ng'ombe wa dada amelala tangu alfajiri, hainuki. Nimetumwa nitafute mtu wa kumtibu.

MKEMIA: Marahaba. Umeshafika.

Begi lilikuwa mgongoni kwake kabla hajamaliza kusema.

SELESTINA: Dokta naye yupo, pale josho.

MKEMIA: Mwambieni basi na sifa zake! Dada, huyo dokta alimuua ndama wa Mzee huyu hapa.

AULERIA: Pole, Mzee. Mlijuaje kwamba ni yeye?

MZEE METHUSELA: Alikuja kuniambia mwenyewe.

Auleria akafikiri kidogo. Kisha akamgeukia Mkemia, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

AULERIA: Na wewe, kaka, ukikosea, mwenye ng'ombe anajuaje?

Mkemia akavuta mkanda wa begi. Redio akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na shida. Nami, ambaye kazi yangu pale ni kucheka, sikuona cha kucheka.

AULERIA: Nauliza tu. Dada atataka kujua.

Mzee akavaa kofia yake na kusimama.

MZEE METHUSELA: Nimefukia ng'ombe wengi, binti. Wengine walikuwa wamechomwa sindano jana yake. Hakuna aliyerudi kuniuliza hali. Kila mara niliambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Akamgusa Redio begani.

MZEE METHUSELA: Washa pikipiki, umpeleke huyu kwa dokta. Na mwambie dokta akimaliza kwa Joyceline apite kwangu kabla hajaondoka. Mimi naenda kumfunga ng'ombe kamba.