Kumi na Wawili Wenye Udhuru

Mzee Nyundo, fundi ribiti wa mwisho katika karakana yetu ya meli, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka arobaini na mmoja kazini. Kwa miaka thelathini kati ya hiyo amekuwa mwenyekiti wa tawi la mafundi ribiti katika chama chetu.

Ribiti, kwa msiozikuta, ni misumari minene iliyogongwa ikiwa ya moto ili kuunganisha mabamba ya meli. Kelele zake zilimla masikio. Akikunong'oneza siri ya chama, mlinzi wa getini ameshaisikia. Mgomo wetu mmoja meneja aliujua kabla yetu.

Kisha tukaja sisi, mafundi wa kuchomelea. Tulikuwa vibarua wa kufukuzwa wakati wowote, na katiba ya chama ilisema hatuingii bila ridhaa ya mafundi ribiti, maana kazi tuliyokuja kuichukua ilikuwa yao. Wakapiga kura. Sita walikubali, sita walikataa, na kura ya mwenyekiti ikatufungulia mlango. Kaka yake, aliyemfundisha ufundi, aliweka kadi yake ya uanachama mezani akatoka. Hawakusemeshana tena. Kaka alipofariki, Mzee Nyundo alipata habari getini, kama mtu baki.

Wenzake wengine walipunguzwa mmoja mmoja, akabaki yeye na meli kuukuu zilizobaki za ribiti. Bado aliitisha kikao kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, peke yake, koti limefungwa vifungo vyote, akisoma ajenda kwa sauti iliyofika kantini. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Juzi nilikabidhiwa daftari la tawi lake. Katiba inasema mwanachama akikosa vikao vitatu bila udhuru, anafutwa. Kwa miaka ishirini ameandika vilevile: waliohudhuria, mmoja, waliotoa udhuru, kumi na wawili. Jina la kaka yake ndilo la kwanza. Nikamwuliza Mzee Nyundo, marehemu anatoaje udhuru?

"Mwenyekiti ni mimi, mwanangu," alisema. "Nimewakubalia."

Mzee wetu, kura yako imetulisha sisi na watoto wetu, na hatukuwahi kukushukuru mbele ya watu. Inatuuma kwamba tumechelewa. Pumzika vyema, na nyumba yako isikose wageni. Daftari tunalo. Alhamisi ijayo tawi letu la kuchomelea litakaa, na kabla ya ajenda nitaandika humo: waliotoa udhuru, kumi na watatu.