Risala ya Wanawake wa Mwanzo Mpya Kuhusu Kimya cha Kijiji

Ndugu Mgeni Rasmi,

Shikamoo. Karibu kijijini kwetu. Umefika wakati wa jua kali, nasi tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza.

TULIKOTOKA
Tulihamishwa mwaka jana kutoka pande za Sepuka. Huko nyumba zilikuwa zimetawanyika, lakini mtu hakupita kwa mwenzake bila kuulizwa habari za watoto, ng'ombe na mvua. Hapa tumejengewa mistari iliyonyooka, milango inakaribiana.

MAFANIKIO
Tuna shule, zahanati na redio ya kijiji. Redio inasema vizuri. Tunaisikiliza. Yenyewe haituulizi kitu.

MATATIZO
Mwenzetu Dorika ni mke wa Yeremia. Siku moja kilabuni Yeremia alisema, "Mtama wetu tumeuacha shambani umeiva. Hapa tutakula nini?" Maneno hayo yalipelekwa kwa wakubwa. Mgambo wakamchukua, wakamwita mchochezi. Aliporudi hakusimulia. Hata mkewe akimwandalia ugali, hula kimya. Nasi tukajifunza: salamu, kisha kila mtu kwake.

Mwezi uliopita Dorika alishikwa na uchungu kabla ya wakati, mchana kweupe, mumewe akiwa shamba la kijiji. Jirani yake Marietha alikuwa anapepeta mtama uani. Tulipomhoji alisema, "Nilimwona ameshikilia mlango. Zamani ningemwita, 'Mwenzangu, una nini?' Siku hizi kuuliza ni kujitafutia kesi."

Dorika naye hakuita. Alituambia, "Niliogopa kumwingiza mwenzangu matatani."

Alijifungua peke yake sakafuni. Mtoto hakulia. Zahanati iko mwendo mfupi tu kutoka pale.

Mazishini Yeremia alifukia kaburi. Ndipo alipofungua mdomo, akamwambia mkewe, "Twende." Tangu hapo hatujamsikia tena.

MAOMBI
Tumeambiwa umetuletea redio ya pili. Asante, wape wengine. Tunaomba useme hapa, mbele ya mwenyekiti na mabalozi wa nyumba kumi, kwamba mtu akiuliza habari ya chakula si adui. Sema kwa sauti, wanaume walioko nyuma wasikie.

Ukiondoka bila kulisema hilo, tutakupigia vigelegele kama ratiba ilivyo, kisha tutarudi majumbani na kufunga milango.

Mungu akufikishe salama, akukutanishe na jamaa zako wakiwa na mengi ya kukueleza.

Ni sisi,
Wanawake wa Kijiji cha Ujamaa Mwanzo Mpya,
Singida, 1975