Saa Moja na Karatasi ya Joto

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, mama wa marehemu alikaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Kila muuguzi alipotoka, mama alimtazama viatu, si uso, maana uso ungemwambia mapema. Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri daktari alitoka, akakaa kando yake. Mama akajua. Mwenye habari njema angesema amesimama.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1990, wa kwanza kati ya watoto watatu. Alizaliwa miezi haijatimia, akalazwa siku kumi na moja kwenye chumba cha joto. Baba yake, fundi wa majokofu, ambaye ametangulia, alikuwa akigonga dirisha la chumba kile na kuuliza, "Mashine yenu inasoma ngapi?"

Alisoma shule ya msingi mwaka 1997 hadi 2003, kisha sekondari, kisha chuo cha afya alikojifunza utunzaji wa dawa. Mwalimu wake wa hesabu alisema, "Huyu mnyang'anye rula, atapima kwa macho na atapatia."

Mwaka 2012 aliajiriwa serikalini, ghala la chanjo. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni alisoma kipimajoto cha chumba cha baridi, akaandika na kusaini, na shahidi akasaini pembeni. Wenzake wakamwita Saa Moja. Hata jokofu la mama yake alilibandikia karatasi mlangoni.

"Baba, hayo ni maziwa, si mgonjwa," mama alimwambia.

"Hata mgonjwa huanza hivi hivi, mama, kwa kutopimwa."

Alifunga ndoa mwaka 2016 na fundi cherehani. Wakati wa uchumba alibisha hodi kwa wakati ule ule kila Jumapili, mpaka shemeji zake wakawa wanarekebisha saa ya ukutani kwa hodi yake.

Desemba 2020 ghala lilifungwa siku nne za mapumziko, na umeme ukakatika. Aliporudi alikuta chumba kiko nyuzi kumi na tisa, lakini karatasi imejazwa nne, nne, nne, kwa kalamu moja, shahidi amekwisha kusaini. Alitakiwa asaini kama msomaji. Alikataa, akaandika barua makao makuu kwamba chanjo zile zimeharibika kwa joto, wasichomwe watoto. Tarehe 3 Machi 2021 alifukuzwa kazi kwa kosa la kutoa siri za ofisi.

Alishtaki arudishwe kazini. Kesi iliitwa mara kumi na saba. Kila mara alivaa shati la kazini lililopigwa pasi, na siku nyingine alitengeneza majokofu ya watu kwa vifaa vya baba yake. Shahidi wa karatasi ile, dada mtunza funguo, alikiri mahakamani kwamba alisaini asichokiona.

Agosti 2023 figo zilianza kumsumbua. Hukumu iliposomwa Alhamisi tarehe 6 Juni alikuwa amelazwa. Alishinda: arudishwe mahali pake pale pale. Mama aliipeleka nakala ofisini siku ile ile.

"Anayerudi kazini huja mwenyewe, mama," alijibu afisa utumishi.

Jumamosi mtunza funguo alikuja wodini na karatasi ya joto ndani ya mkoba. "Mdogo wangu, tia saini mstari wa leo asubuhi. Itahesabika umerudi. Nani atajua?"

Alivaa miwani. "Kilisoma ngapi?"

"Nne."

"Amesoma nani?"

"Mimi."

"Basi saini ni yako, dada."

"Baba, saini tu!" mama alisema, na leo anakiri alisema.

"Mama, nilifukuzwa kwa kukataa hili hili." Akairudisha karatasi.

Siku mbili baadaye alifariki. Kwenye kitabu cha ofisi bado ameandikwa amefukuzwa.

Ameacha mama, mke, watoto wawili, mdogo wake wa kike na mdogo wake wa kiume.

Jana asubuhi mama alikwenda ghalani kuchukua koti jeupe la kazi la mwanawe, lililobaki pale. Mtunza funguo alimfungulia mlango mnene wa chumba cha baridi, ambao mama hakuwahi kuuvuka. Ndani palikuwa peupe, mashine inanguruma. Ilikuwa saa moja.

"Soma wewe, mama."

Mama alisogeza macho karibu. "Nne."

"Aliyesoma ndiye anayesaini."

Mama alishika kalamu, akaandika polepole jina lake mwenyewe, si la mwanawe. Mtunza funguo akasaini pembeni. Kisha wakatoka na kuufunga mlango upesi, kama marehemu alivyowazoesha wenzake, baridi isitoke.

Mwana wetu, umefanya kazi yako. Lala kwa utulivu.