Posa ya Hargeisa

Pantoni lilipoacha ukingo wa Ruvuma, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alimweleza mchuuzi wa samaki aliyekuwa kando yake kwamba anavuka kuomba ridhaa ya kaka yake. Binti yake Rehana ameposwa na mtu wa Hargeisa, Somaliland, nchi ambayo mataifa mengi hayaitambui, na kwetu mjomba akikataa hakuna ndoa.

“Somaliland ilijitenga na Somalia zamani, dada. Ina serikali na fedha yake. Hata Taiwan wamefungua ofisi huko,” mchuuzi alisema.

“Taiwan nao si wanakataliwa? Vijana wawili wasiopita jandoni watathibitishana utu uzima?”

Mchuuzi alicheka. Mimi nina mabinti wawili, sikucheka.

“Wazee wetu walioana ng’ambo hizi kabla ya mpaka. Nani aliwatambua? Majirani!” mchuuzi alisema.

“Majirani wa huyo ndio wanaomkana. Mogadishu wamenuna, China nao wamenuna kwa ajili ya Taiwan. Wakigombana, wajukuu wangu watakimbia na pasi ya nani?”

Ng’ambo, kaka mtu alikuwa tayari anapunga mkono.

“Haya, nisaidie,” mama alisema akikaza kanga. “Akiniuliza mkwe ni raia wa wapi, nimjibu nini?”

“Mwambie ni raia wa...” mchuuzi alianza. Pantoni likagota ukingoni, watu wakaanza kushuka.