Fimbo ya Syombua Irudi Nyuma Hadi Wapi

Benchi letu la mtaa wa Tassia, Nairobi, liko kwenye kona, kati ya duka la saruji na jiko la kahawa la Mzee Abdurahim. Mimi nauza sukuma wiki ubavuni mwa benchi. Wateja hutaka ikatwe kabisa, kwa hiyo mikono yangu ina kazi lakini masikio yako huru. Jumapili hiyo alasiri walikuwepo wa kila siku: Ng'ang'a, fundi wa mawe tunayemwita Pimamaji kwa sababu hata kiti hakalii kabla ya kuhakikisha kimenyooka, na Odero mchomeleaji, jina lake Refa, ambaye hajawahi kuona ubishi akaupita bila kuuamua. Katikati yao alikaa jirani yangu Syombua na mpini wa ufagio, ndio fimbo yake ya mazoezi, mapajani. Syombua ni kedi. Kwa miaka kumi na moja amebeba mifuko ya fimbo za watu kwenye uwanja wa gofu, na sasa goti lake la kulia limeanza kukataa vilima. Jumatatu ni siku ya makedi kucheza wenyewe, na Jumatatu ya kesho yake wawili watakaocheza vizuri kuliko wote wangechukuliwa kufunzwa ualimu. Mwalimu wa gofu habebi mfuko.

— Sasa shida ni nini hasa, dada Syo? aliuliza Refa.

— Ni kurudisha fimbo. Kabla hujapiga, lazima uirudishe nyuma. Nikiirudisha sana, mpira unaenda mitini. Nikiirudisha kidogo, unaanguka hapo mbele kama umechoka.

— Si ujirekodi na simu.

— Nimejirekodi. Nikijua simu inaniangalia, narudisha poa. Simu ikiingia mfukoni, mkono unaenda kule unataka.

— Na hao unaowabebea?

— Ya kila mtu naiona. Nikimwambia mzee fulani amepitisha kiasi, anapunguza, anapiga safi. Yangu iko nyuma ya kichwa changu.

Pimamaji alitoa penseli sikioni.

— Simama hapo karibu na ukuta. Hii ni kazi ya nyundo. Msumari wa inchi nne huuinulii nyundo kupita sikio. Ukipita sikio, unapiga kidole. Rudisha. Hapo hapo.

Akachora mstari kwenye ukuta wa duka, mkabala na sikio la Syombua, na kando yake akaandika P.

— Fundi, msumari hauendi popote, alisema Refa. Huyu anataka mpira ufike mbali. Fikiria penalti. Anayekimbia kutoka katikati ya uwanja anapaisha. Hatua tatu zinatosha.

— Mkono una hatua?

— Una viungo. Kiganja, kiwiko, bega. Tatu. Chora hapo begani.

— Lakini bega na sikio haviko mbali, nikasema. Mnagombania upana wa kiganja.

— Mama Tiffany, kata sukuma, alisema Refa, na mstari wa pili ukachorwa.

Mzee Abdurahim alikuwa akimimina kahawa huku akiinua birika taratibu, kikombe kikibaki chini.

— Tazameni, alisema. Mkono unapanda mpaka uzi wa kahawa uanze kukonda. Hapo nasimama. Siangalii mkono, naangalia uzi. Mwanangu Syombua, panda juu, juu zaidi, kupita kichwa.

— Na yeye atamimina nini, mzee? aliuliza Pimamaji.

— Nguvu.

Mstari wa tatu ukachorwa, huo wa juu kabisa. Syombua aliirudisha fimbo hadi kwenye kila mstari, akaishusha, akairudisha tena. Kila mara ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Mara ya mwisho aliyumba akashika ukuta.

— Tumekosea kuanzia chini, alisema Refa. Shida si mkono. Shida ni Tassia.

— Tassia imefanya nini tena?

— Mtu aliyezaliwa kwenye ekari kumi akirudisha mkono haogopi kugonga kitu. Sisi tumelelewa kwa chumba kimoja. Ukinyoosha mkono unagonga sufuria, ukiurudisha unagonga mtoto. Mkono wa Eastlands umezoea kuwa mfupi.

— Basi mbona wake unapitiliza?

— Umetoroka, fundi. Umeona nafasi, hauoni pa kusimama.

Syombua alicheka. Mimi sikucheka sana. Huyu dada hufanya mazoezi kwenye ujia wetu wa ghorofa ya tatu, kati ya tangi la maji na kamba yangu ya nguo, na nimeshamfokea mara mbili kwa shuka zilizoanguka.

Pimamaji hakukubali kushindwa na chumba kimoja.

— Ni hewa, alisema. Nairobi iko juu. Juu hewa ni nyepesi, fimbo inapaa yenyewe. Ukiwa hapa unakata theluthi moja. Ukiwa Mombasa unarudisha yote.

— Sisi watu wa Mombasa tunarudisha tukiwa tumekaa, alisema Mzee Abdurahim.

Mstari wa nne ulikuwa wa hewa. Wa tano sikumbuki ulikuwa wa nani, ila ulikuwa umepinda, na Pimamaji aliona haya kuuandikia jina.

Syombua aliketi. Alikunja goti, akalinyoosha, akalikanda kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

— Jumanne mtaniona nikitoka asubuhi, alisema. Mkiniona na raincoti na kofia yangu ya kazi, msiniulize ilikuwaje. Nimerudi kubeba.

Refa alikunywa kahawa iliyokuwa imeshapoa.

Ndipo Muhiba akaja na chupa yake ya chai ijazwe kahawa. Muhiba hushona mabuibui ghorofa ya kwanza na hana muda wa benchi. Akasalimia, akautazama ukuta, akamtazama Syombua na ufagio wake. Refa akamweleza yote, pamoja na penalti.

— Nimesikia, alisema Muhiba. Hao wazee wako wa gofu, Syo, wakipitisha, wewe unajuaje?

— Anaangalia mkono, alisema Pimamaji.

— Fimbo, alisema Refa. Ncha ya fimbo.

— Nimemuuliza yeye.

Syombua aliinuka. Akaweka ufagio begani kama kamba ya mfuko, akasimama vile anavyosimama akiwa kazini: bega moja limeshuka, kichwa chini. Alikaa hivyo mpaka chupa ya Muhiba ikajaa.

— Sijawahi kuona mkono wa mtu, alisema polepole. Nikiwa na mfuko naangalia chini. Naona viatu tu.

— Na viatu vinafanya nini?

— Kisigino. Cha kushoto. Kikiinuka, amepitisha.

Alivua raba ya kushoto, kisha soksi. Akakanyaga udongo wa kona yetu, wenye vifuniko vya soda na unga wa saruji, na hakuelekea ukutani tena. Akarudisha fimbo. Nilitazama kisigino: kilikaa, kikakaa, kikataka kuinuka, na mkono ukasimama papo hapo. Akashusha. Akarudia. Mara ya nne niliweka kisu chini. Mara ya saba ilikuwa sawasawa na ya nne, na ya nane vilevile.

— Hapo ni kwangu, alisema Refa. Ni begani kabisa.

— Begani wapi. Hiyo ni sikio, alisema Pimamaji.

Mzee Abdurahim alisema kwamba kwa alipokaa yeye ni juu ya kichwa.

Pimamaji akanyanyuka, akasogea na penseli apate ushahidi.

— Usichore, fundi, alisema Syombua bila kuinua kichwa. Nitaanza kuuangalia mstari.