Nyanya za Mke wa Fundi

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, katikati ya kinyozi na duka la fundi cherehani: benchi moja refu, birika la Bibi Kahawa, na midomo isiyojua likizo. Kiangazi kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia, jua la asubuhi tayari linachoma kama pasi. Fundi Sindano akatokea kakunja suruali, matope hadi magotini, mkononi ana jani la mnyanya lililojikunja. Mkewe alikuwa amelazwa hospitali. Siku anaondoka alimwachia bustani changa nyuma ya nyumba, nyanya, bamia na mchicha, akamwambia neno moja tu: “Nitunzie.”

— Jamani, zinanifia, Fundi akasema, hata hakukaa.

Kinyozi, tunayemwita Profesa, akaligeuzageuza lile jani.

— Hii kiu. Mwagilia.

— Namwagilia asubuhi, mchana, jioni!

— Ongeza. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake, mwaga mengine.

— Utamuulia mimea, akadakia mzee Breki, dereva mstaafu. Tatizo ni ule mnara wa simu. Tangu wausimamishe pale, hata mimi nywele zimekatika.

— Nywele zako zilikatika kabla ya simu kuja! Profesa akamjibu.

Bibi Kahawa akatikisa kichwa.

— Ni macho ya watu, wanangu. Jirani anazisifia mno. Zitandie shuka. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Au zina majonzi, Profesa akasema. Mmea unaujua mkono wa mwenyewe. Ukihisi mwenyewe harudi...

Akaumeza ulimi, amechelewa. Fundi akamgeukia.

— Usiseme hivyo, Profesa. Jana ua lilidondoka, nikaliokota, nikabaki nalo kama mwendawazimu. Zikifa hizi, nitamtazamaje?

Hapo akapita shemeji yake, mdogo wa mkewe, katoka hospitali na kapu la vyombo. Akamwamkia Bibi Kahawa, akaitikiwa. Fundi akamrukia.

— Shemeji, ameulizia bustani?

— Hajaulizia.

— Mwambie naitunza. Mwambie sitoki humo, tangu alfajiri.

— Nitamwambia. Ila kila mlango wa wodi ukifunguliwa, anageuza shingo. Halafu anageukia ukutani. Shemeji, utakuja lini kumwona?

Profesa akakohoa. Breki akautazama mnara wake. Bibi Kahawa akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha jaa. Sisi sote tulijua habari za nyanya. Hakuna aliyejua kwamba Fundi hajawahi kukanyaga kule hospitali.

— Naogopa, shemeji, Fundi akasema.

— Na yeye anaogopa. Tena yuko peke yake.

Fundi akaliweka jani benchini. Akanawa miguu kwenye ndoo ya kinyozi, taratibu, kidole kwa kidole, akafunga duka. Kisha akampokea shemeji yake kapu, wakashika njia ya hospitali.