Ufafanuzi wa Pengo

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu kilikaliwa na dada mwenye sare ya uuguzi na mzee aliyepakata mkoba wa vitabu. Hawakujuana, lakini dada alikuwa na hasira, na hasira haingoji kutambulishwa.

"Jana tumemzika dada yangu, mzee wangu. Bosi wake akasimama kufafanua neno pengo. Eti kuna pengo la meno, la ukuta, na la kazini! Dada yangu kafa na meno yake yote."

"Pole, mwanangu. Ila ufafanuzi ni kuliweka jambo wazi, watu waelewe."

"Waelewe nini? Hata jina lake hakulitaja! Na Jumapili, kwenye kumbukumbu, wamempa tena kipaza sauti."

"Basi mnyang'anye, useme wewe."

"Nitasema, unadhani nitashindwa?"

"Haya. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa... mtu wa watu."

Mzee akaguna. "Hilo hata bosi angelisema."

Dada akamkata jicho. Alipoanza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Alikuwa akisimulia kichekesho, anacheka yeye kabla hajafika mwisho. Hakuna aliyewahi kuusikia huo mwisho. Tulikuwa tunamcheka yeye." Akajaribu kumwiga, kicheko kikageuka kilio.

"Na Jumapili utayasema hayo?" mzee akauliza.

Basi likasimama hospitalini. Dada akashuka, akijifuta macho kwa mkono wa sare.